Kichwa cha Mzeituni

Jumapili, 5 Oktoba

Leo ilikuwa ibada ya shukrani ya mavuno hapa Kiminini, ingawa nusu ya mahindi bado imesimama shambani na mvua ya mwaka huu haina adabu. Nilipiga wimbo aliokuwa akiupenda marehemu Mama. Nilipiga vizuri. Nimeishika fluti hii miaka ishirini na miwili na najua siku ninapodanganya. Baba alikuwa benchi la mbele. Nilipomaliza akatazama vidole vyangu, akaona vimetulia. Akageuka kumtazama Mzee Kang'ethe aliyeketi kando yake, akamwona anapiga makofi, ndipo naye akaanza kupiga makofi, kwa nguvu kuliko watu wote.

Nimekasirika jioni nzima na sijui nimemkasirikia nani.

Jumatano, 8 Oktoba

Kazini. Magunia mengi ya mahindi, mengi yamerudishwa. Mvua saa nane.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimempeleka Baba Bungoma kwa daktari wa masikio. Daktari, msichana mdogo kwangu kwa miaka mingi, alimvalisha visikizio vikubwa akamwambia ainue mkono kila akisikia kitu. Dakika nzima mkono haukuinuka. Nilidhani mashine imezimwa. Kisha sauti ziliposhuka zikawa nene, mkono ukapanda. Ukapanda tena.

"Zile sauti nyembamba zimeenda, na hazirudi," daktari akaniambia. "Nene bado anazipata. Nazo zitapungua pole pole. Mkiongea naye, shusheni sauti, msipige kelele."

Alimjaribisha kifaa cha kuvaa sikioni. Baba alikivumilia dakika tano, akakitoa na kukiweka mezani kama mtu anayerudisha chenji ya uongo.

"Hii kitu inalia kama redio imekosa stesheni," akasema. "Maitu, twende nyumbani." Huniita maitu, mama, kwa sababu nina jina la mama yake, Wacera. Nina miaka arobaini na minne na bado nikiitwa hivyo nashindwa kubishana.

Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikimpigia noti asizozisikia. Na zile za chini, ambazo angezisikia, fluti yangu haina. Ni fluti ya kujifunzia. Ukishuka chini kabisa unapata pumzi tupu, kama mtu anapoza chai. Kasoro ni kichwa chake, kile kipande cha juu chenye tundu la kupulizia. Sauti huzaliwa hapo. Kwingine ni bomba na vitufe tu. Sihitaji fluti nyingine. Nahitaji kichwa kingine, kizuri, cha kutengenezwa kwa mkono.

Tarehe 20 Desemba Baba anatimiza miaka themanini. Siku hiyo nataka ausikie wimbo wa Mama kwa masikio yake mwenyewe, si kwa makofi ya Kang'ethe.

Jumanne, 14 Oktoba

Mzee mmoja, Rotich, kaja na pikapu ya mahindi kutoka Kapsokwony. Kazi yangu hapa ghalani Kitale ni moja: namimina punje kwenye kikombe cha mashine, nasoma unyevu. Ikizidi kumi na tatu na nusu, gunia linarudi. Yake yalisoma kumi na saba.

"Madam, si hii imekauka? Angalia." Akatia punje mdomoni, akaing'ata. Haikulia kama punje kavu.

"Mzee, mashine ndiyo inasema."

"Hiyo mashine yako iko na roho mbaya, bana."

Nilimwambia aanike wiki mbili. Mimi husema hivyo mara thelathini kwa siku, wala sifikirii tena.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa, ghala limefungwa. Nimeenda Kamukuywa kumwona Mukhwana, fundi anayetengeneza malitungu, ala za nyuzi za Wabukusu, kwa shule zinazokwenda kwenye mashindano ya muziki. Karakana yake iko nyuma ya soko: keezo la kukerezea miti, patasi zimepangwa kwa ukubwa, na litungu moja bila nyuzi likining'inia ukutani. Ana l na r za Bungoma, zinazobadilishana nafasi, na macho ya mtu asiyependa kuamshwa.

"Kalibu, madam."

Nikamwonyesha kichwa cha fluti. Hakukipuliza. Alikitazama ndani kwa mwanga wa mlango, akaingiza kidole cha mwisho, akakitoa.

"Hii shimo imekatwa na mashine," akasema. "Mashine haijui mdomo yako."

Nikampenda papo hapo. Nilifanya kosa, lakini nilimpenda.

Atakitengeneza kwa mzeituni wa mwitu, ule Baba huuita mutamaiyu, mzito na mgumu. Alikuwa na gogo moja lililoletwa kutoka mlimani mwezi wa sita. Nikamuuliza lini. Akaliweka gogo shavuni, kama mama anayepima homa ya mtoto, akafumba macho.

"Bado iko baridi. Mti ikiwa baridi kwa shavu, iko na maji ndani. Nitaweka huko juu." Akanyoosha kidole kuelekea jikoni kwa mkewe, Peris, ambako juu ya moto kuna dari ya fito, na juu yake mahindi ya mbegu yanakaushwa na moshi. "Tuseme Februari. Machi."

"Nataka Desemba, fundi."

"Desemba ni yako, madam. Mti iko na ya kwake."

Jumamosi, 25 Oktoba

Kamukuywa. Shavu. Baridi. Nimerudi.

Jumanne, 28 Oktoba

Rotich tena. Kumi na tano na pointi mbili. Safari hii hakutukana mashine. Alisema mkewe na Chepkemei, binti yake, wamekaa na hayo mahindi kwenye turubai siku kumi, wakiyakusanya kila wingu likitokea, wakiyamwaga kila jua likitoka. "Jana tumeanua mara nne," akasema, akinionyesha vidole vinne, kana kwamba vidole vingeshusha namba. Nikamwambia wiki moja tu. Mvua ilinyesha kabla pikapu haijafika langoni.

Jumamosi, 1 Novemba

Kamukuywa. Mukhwana ameweka mti shavuni, akanitazama, akaurudisha darini.  Nimetoka Kitale asubuhi hadi huku, nimekanyaga matope ya soko zima, ili mzee anitikisie kichwa.

Peris alinipa chai. "Yeye ni hivyo," akasema. "Hata mimi alinichumbia miaka mitatu."

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumamosi, 8 Novemba

Baba ameanza kujibu maswali ambayo hayajaulizwa. Nimemuuliza kama amekula, akasema ng'ombe wako sawa. Nikashusha sauti kama daktari alivyosema, akajibu vizuri. Lakini ilibidi niishushe zaidi ya mwezi uliopita. Nimeona. Sikumwambia mtu.

Machi ni mbali sana.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo nimefanya jambo ambalo nikilisimulia kazini watanicheka hadi pensheni.

Nilibeba mashine ya ghala. Niliifunga kwa leso, nikaitia kwenye kikapu chini ya sukuma wiki, nikaenda nayo Kamukuywa. Nilimkuta Mukhwana akipiga randa mguu wa kiti. Nikamwambia mambo ya shavu yametosha, leo tunapima kwa sayansi. Nikamwomba ashushe gogo, nikalikwangua kwa patasi hadi nikapata maranda ya kujaza kikombe. Nikayamimina. Nikabonyeza kitufe cha mahindi, maana mashine inajua mahindi, maharagwe na ngano tu. Ikahesabu, ikatoa kumi na mbili na pointi tisa.

"Unaona?" nikasema. "Ungekuwa mahindi ningeupokea."

Mukhwana akatazama ile namba kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa mwingine. "Madam, hii si ya kusaga unga."

"Kavu ni kavu, fundi."

"Hiyo umekwangua ni ngozi. Ngozi imeota moto ya jikoni mwezi mzima. Uliza tumbo."

Hapo nikapandwa na hasira. Nilisema mengi, mbele ya mkewe. Kwamba anajificha nyuma ya mti kwa sababu hajui kutoboa tundu. Kwamba mimi ndiye ninayepima unyevu kila siku ya Mungu, watu wa wilaya mbili wananitegemea. Kwamba baba yangu hatangoja moshi wa Peris. 

Mukhwana aliweka randa chini. Kisha akachukua msumeno, akalipasua gogo katikati kwa urefu, vipande viwili. Kimoja akakiweka kwenye keezo.

"Ulitaka halaka," akasema. "Sawa. Lakini nimekuambia, na Peris amesikia."

Jumatatu, 17 Novemba

Mashine nimeirudisha salama. Ilikuwa na vumbi la mzeituni. Gunia la kwanza la leo lilinukia kanisa.

Jumamosi, 22 Novemba

Kichwa cha mti lazima kiwe na shingo ya chuma, ndipo kiingie kwenye mwili wa fluti bila kuvuja. Shingo ya aina hiyo haiuzwi Kamukuywa, wala Kimilili, wala Kitale. Iko moja tu: ya kichwa changu cha zamani.

"Nikikata, hakirudi," Mukhwana akasema. "Hii razima ujue."

"Kata."

Alikata. Sauti ya msumeno kwenye bati jembamba niliisikia hadi kwenye meno. Sasa sina kichwa cha zamani na cha mti hakijaisha. Hii ni mara ya kwanza tangu nikiwa msichana kuwa na fluti isiyoweza kulia.

Jumatano, 26 Novemba

Rotich. Kumi na nne kamili. Alisimama akaitazama namba, kisha akanitazama mimi, hakuomba. Ni afadhali wanaoomba. Nilimwambia asiyarudishe Kapsokwony, ayaanike kwenye saruji ya uani hapa ghalani, mvua ikija tutamsaidia kuanua. Meneja aliniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu leo.

Ijumaa, 28 Novemba

Mahindi ya Rotich: kumi na tatu na pointi tatu. Akaing'ata punje karibu na sikio langu ili nisikie. Ililia ka! Akacheka, meno yote nje. "Sasa hiyo mashine yako imeokoka," akasema.

Jumamosi, 6 Desemba

Kimekwisha.

Sijui niandike nini. Ni cheusi chenye michirizi ya rangi ya asali, na tundu lake Mukhwana amelilainisha kidogo kidogo, akinipa nipulize, akinyang'anya, akikwangua, akinipa tena, saa tatu nzima. Hatukupatana hata kidogo. Nilisema kona ya kushoto ni kali, akasema mdomo wangu ndio umepinda. Akakwangua. Mara sauti ikafunguka.

Nilishuka hadi do ya chini kabisa. Haikuwa pumzi. Ilikuwa noti nzima, nene, ikatetemesha bati la paa, na Peris akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mukhwana aliuelekea ukuta akajifanya anapanga patasi. Nililia pale pale karakanani kama mjinga, na sioni haya.

Siku kumi na nne zimebaki. Nafanya mazoezi kila siku.

Jumanne, 9 Desemba

Wimbo wa Mama, oktava ya chini. Mara ishirini na moja. Jua limetoka hatimaye, kali, mahindi yanapasuka kwenye maganda.

Alhamisi, 11 Desemba

Mara thelathini. Nimempigia simu Wamboi, dada yangu, nikamwambia aje na watoto mapema, asikose. Nikajisifu kidogo. Sawa, nilijisifu sana.

Jumamosi, 13 Desemba

Kimepasuka.

Nilikuwa mstari wa tatu wa wimbo. Nilisikia ka! ndogo, kama punje ya Rotich, na noti ikawa upepo. Ufa umeanzia kwenye tundu ukaenda hadi mwisho, naweza kuingiza ukucha. Nimekaa kitandani nikiushika huu mti nikitaka kumpigia mtu kelele. Nilitafuta wa kumpigia. Hayupo. Ni mimi niliyepima ngozi nikasema nimepima tumbo. Pumzi yangu ya moto ndani, jua kali nje, na katikati maji niliyoambiwa yapo.

Zimebaki siku saba na cha zamani nimekikata.

Jumapili, 14 Desemba

Sikwenda kanisani. Nilikwenda Kamukuywa. Njia nzima nilitunga maneno ya kumjibu Mukhwana atakaposema nilikuambia.

Hakusema. Alikipokea, akapitisha kidole kwenye ufa, akaguna. Kisha akaenda jikoni, akarudi na kile kipande kingine cha gogo, kilichokuwa juu ya moto wakati wote. Hakukiweka shavuni mwake. Alikiweka shavuni mwangu.

Kilikuwa na baridi ya mtungi wa maji. Nje kina joto la moshi, unadhani kimekauka, ukitulia nacho kidogo unasikia ile baridi ikitoka ndani polepole. Mikononi mwangu yamepita mahindi ya miaka kumi na sita na sijawahi kugusa hata gunia moja kwa shavu.

"Machi," Mukhwana akasema.

"Machi," nikasema.

Akasema nimwachie na kile kilichopasuka. Nikamwachia. Sikuwa na haja nacho.

Jumamosi, 20 Desemba

Miaka themanini ya Baba. Hema, viti, mbuzi wawili, watu wa kanisa wote. Kwaya ilisimama mbele yake na majoho yao mapana hata sikumwona kutoka nilipokuwa, wala yeye hakuweza kuniona. Mshereheshaji akatangaza, "Na sasa tumsikilize Wacera na fluti yake." Nikatikisa kichwa. Akasisitiza kwenye kipaza sauti, nikatikisa tena, Wamboi akaniangalia kwa macho makali. Kwaya ikaingilia kati ikaimba wimbo wa Mama, watu wakapiga makofi, ikapita.

Jioni watu walipokwisha kuondoka, nilikuwa nikikunja vitambaa vya meza. Baba akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, maitu," akasema. "Leo umepiga vizuri kuliko siku zote."

Alikuwa anatabasamu. Alikuwa na hakika. Nilimwambia asante, Baba, kwa sauti ya chini kabisa niliyonayo, kisha nikaenda nyuma ya hema nikakaa kwenye kreti la soda. Si leo tu. Sijui ni mara ngapi amenishukuru hivyo. Sijui ni mwaka gani aliacha kunisikia, akaendelea kupiga makofi ili nisijue.

Jumanne, 23 Desemba

Mukhwana ametuma kifurushi kwa mtu wa bodaboda. Kichwa kilichopasuka. Ufa umejazwa nta ya nyuki na kukazwa kwa uzi wa pamba, mzunguko baada ya mzunguko, kama mpini wa jembe la zamani. Ndani kulikuwa na karatasi: "Madam, hii itashika sauti moja ya chini. Mbiri ukibahatika. Usitoe jasho."

Hata kuandika anaandika mbiri.

Jumatano, 24 Desemba

Nimekuja Kiminini kulala kwa ajili ya Krismasi. Alasiri Baba alikuwa amekaa mbele ya nyumba akipukuchua mahindi ya mbegu, mgongo kwangu. Mimi nilikuwa jikoni nyuma yake, mlango wazi. Nilitaka kujaribu tu kama nta inashika. Nikavuta pumzi, nikashuka hadi do ya chini kabisa, nikaishikilia.

Gunzi likamwanguka mkononi. Akainua kichwa.

"Ng'ombe ya nani hiyo?" akasema kwa ukali. "Nani amefungulia ng'ombe?"

Akasimama, akachukua fimbo, akaenda moja kwa moja kwenye ua wa mahindi. Nikapuliza tena. Akageuka, akatazama upande wa zizi, akatazama barabarani, akasikiliza. Miezi miwili na zaidi ya kubishana na mti na mvua na fundi, ili baba yangu anidhanie ng'ombe. Nilicheka hadi midomo ikashindwa kukaa kwenye tundu. Nilipoweza, nikapuliza mara ya tatu, na safari hii akaifuata ile sauti na fimbo yake juu, hatua kwa hatua, hadi mlangoni pa jikoni, akanikuta.

Akaitazama fluti. Akautazama uzi na nta.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Baba."

"Nimesikia kutoka pale." Akaonyesha kiti chake kwa fimbo. Kisha akaonyesha uani. "Na pale."

Nikamwambia sina wimbo, nina hiyo moja tu, wimbo utakuja Machi mti ukikauka. Sijui kama aliyapata hayo. Aliegemeza fimbo ukutani, akavuta kigoda cha jikoni, akaketi karibu yangu.

"Rudia hiyo," akasema.

Nikarudia, nikaishikilia mpaka pumzi ikaisha. Nilipomwangalia, hakuwa anatazama vidole vyangu. Alikuwa amefumba macho.